Barua ya wazi kwa wasimamizi wa michezo Zanzibar: nani anamhesabia mchezaji?

Kwa wizara inayosimamia michezo, wizara ya elimu, Baraza la Taifa la Michezo Zanzibar, Shirikisho la Mpira wa Miguu Zanzibar, viongozi wa vyama vya netiboli, riadha na michezo mingineyo, na makatibu wa kombaini, yaani timu teule, za wilaya za Unguja na Pemba.

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nakuandikieni kutoka Chake Chake, Pemba, nikiwa mwalimu wa mpira wa vijana kwa miaka 14 sasa. Sina cheo katika chama chochote, na barua hii siiandiki kwa niaba ya klabu yangu. Naiandika kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha, ambaye leo hapiti hata njia ya karibu na uwanja, na kwa sababu nimekuja kuelewa, nikiwa nimeshachelewa, kwamba katika kumvunja kijana yule mkono wangu ulikuwemo.

Alikuwa na miaka 15 alipokuja kwangu. Winga wa kushoto, mwembamba, mwenye mbio na adabu, ambaye akipewa mpira hata wazee waliokaa chini ya miembe walikuwa wakisimama. Jina lake silitaji, kwa kuwa wazazi wake wapo na yeye mwenyewe hajaniruhusu. Msimu wa kwanza alitufungia karibu kila wiki. Msimu wa pili haujafika mbali nikaanza kuona mguu unachelewa, na mpira aliokuwa akiupata kwa hatua mbili sasa unampita. Nikafanya kile ambacho karibu kila mwalimu wa visiwa hivi angelifanya: nikamwongezea mazoezi. Nikamtaka akimbie alfajiri, baada ya sala, barabara ya Wawi kwenda na kurudi, na nikamwambia mbele ya wenzake kwamba sifa zimempanda kichwani. Akanyamaza, na akazidi kushuka. Mafua na homa ndogo ndogo zikawa hazimwachi, usingizi ukampotea, chakula akawa anakigusagusa tu, na huko skuli, kama alivyokuja kuniambia mwalimu wake wa darasa, alikuwa akilalia dawati.

Jioni moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi za uwanja, kiatu kimoja amekivaa na cha pili kipo mkononi, wenzake wameshaingia zamani. Nikamuuliza ana nini. Akanijibu, "Mwalimu, sisikii kitu." Nilidhani ananiambia kwamba hasikii maumivu, nikamhimiza ainuke. Ilinichukua miezi kufahamu kwamba alikuwa akinieleza kuwa hasikii hamu, hasikii hasira wala furaha, na kwamba mchezo ulioyajaza maisha yake tangu utotoni ulikuwa umemtoka moyoni akabaki na mazoea ya kuvaa viatu. Wiki mbili baadaye hakuja, na hajaja tena.

Alipokwisha kuondoka nilikaa na wenzake, nikaenda kwa mwalimu wa michezo wa skuli yake, nikamuuliza na mjomba wake, nikaandika katika daftari wiki moja ya maisha ya kijana yule kama ilivyokuwa kabla ya zile mbio za alfajiri nilizomzidishia. Nilitumia mizani nyepesi ambayo mtaalamu wa Marekani, Carl Foster, aliieneza tangu miaka ya 1990 na ambayo haihitaji chombo chochote: baada ya mazoezi mchezaji huulizwa kazi ilikuwa nzito kiasi gani kuanzia 0 hadi 10, na jibu lake huzidishwa kwa dakika alizofanya. Mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa, kwa hivyo namba za uzito niliwauliza wenzake waliocheza naye.

Jumatatu alikuwa na dakika 60 za timu ya skuli kwa uzito wa 5, yaani 300, na jioni dakika 90 kwangu kwa uzito wa 6, yaani 540. Jumanne alikuwa kwangu tena, 540. Jumatano alicheza mechi ya skuli ya dakika 80 kwa uzito wa 8, ambayo ni 640, na jioni ile ile akaenda kambi ya kombaini kwa dakika 90 za uzito wa 7, ambazo ni 630. Alhamisi alirudi kwangu, 540. Ijumaa baada ya sala alichezea timu ya mtaa katika ndondo, yale mashindano ya mitaani ya kugombea zawadi, dakika 60 kwa uzito wa 8, ambazo ni 480. Jumamosi alikuwa kombaini, 630. Jumapili tukacheza mechi ya ligi, dakika 90 kwa uzito wa 9, ambazo ni 810. Jumla yake ni 5,110.

Sasa tazameni, waheshimiwa, yaliyomo katika daftari langu la klabu kwa wiki ile ile. Kwangu yamo mazoezi matatu na mechi moja, jumla yake 2,430, ambayo haifiki hata nusu. Kwa hesabu yangu kijana yule alikuwa akipumzika Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Niliamini kwa moyo mweupe kabisa kwamba nampa siku tatu za mapumziko kila wiki. Mwalimu wa skuli naye alikuwa na daftari lake, na ndani yake kijana alifanya kazi siku mbili tu. Mwalimu wa kombaini alikuwa na lake. Wa mtaani hakuwa na daftari, alikuwa na mbuzi wa zawadi. Kila mmoja wetu alihesabu mazoezi yake na kila mmoja alikuwa na haki kwa hesabu ile, lakini hakupatikana hata mmoja aliyemhesabu mchezaji.

Hapo sijatia karafuu. Ulikuwa msimu wa mavuno, na ninyi mliozaliwa Pemba mnajua maana yake: mtoto akitoka skuli anaingia kondeni, anapanda mkarafuu, anashika tawi kwa mkono mmoja na kuchuma kwa mwingine, na usiku nyumba nzima inakaa kuchambua makonyo hadi macho yanafumba. Siwalaumu wazee kwa hilo, kwani karafuu ndiyo inayolipa sare na daftari za skuli. Ninachosema ni kwamba misuli haijui tofauti ya mkarafuu na uwanja wa Gombani, na mwili unaoleta deni lake hauulizi limekopwa na nani.

Dakika zote zile za uwanjani ni 740, sawa na saa 12 na dakika 20. Watafiti wa Marekani waliochunguza majeraha ya vijana waliona kwamba hatari huongezeka pale kijana anapofanya michezo kwa saa nyingi kwa wiki kuliko miaka ya umri wake, na kwa kipimo hicho peke yake kijana wangu wa miaka 15 angehesabiwa kuwa yuko salama. Nalitaja jambo hili makusudi, kwa sababu najua kanuni moja ya kuandikwa ukutani haitatutosha. Kilichokosekana kwake ni siku. Katika siku saba haikuwepo hata moja aliyolala mchana, akakaa barazani, akawa mtoto wa mtu tu.

Naomba mniruhusu nieleze kidogo jinsi mwili unavyofanya kazi, kwa kuwa nimekaa katika vikao vingi ambamo mapumziko yanazungumzwa kama zawadi ya mvivu. Mazoezi yenyewe hayampi mchezaji nguvu. Mazoezi yanamchosha, yanazipasua nyuzi za misuli kwa udogo usioonekana na kumaliza akiba yake ya chakula, na nguvu hujengwa baadaye, katika usingizi na katika siku nyepesi, mwili unapojitengeneza na kuzidisha kidogo ili safari ijayo usielemewe. Ukimkatiza kabla hajajengeka, ukamrejesha kazini, unamjengea juu ya ukuta mbichi. Mwaka 2013 jumuiya za wanasayansi wa michezo za Ulaya na Marekani zilitoa tamko la pamoja linalopambanua hatua za hali hii: upo uchovu wa kawaida ambao siku chache hadi wiki mbili tatu za mapumziko huuondoa na mchezaji akarudi bora kuliko alivyokuwa, upo uliopindukia, ambao huchukua wiki hadi miezi, na upo ule wa mwisho, ambapo mchezaji anashuka kwa miezi mingi, pengine asirudi kabisa, na ambao hautambuliwi mpaka kwanza yaondolewe maradhi mengine kama upungufu wa damu na maambukizi. Hatua hizo tatu zina alama moja inayofanana, nayo ni kushuka kwa kiwango. Mwalimu anaona kiwango kimeshuka, haoni kimeshuka kwa sababu gani, anaongeza mazoezi. Hivyo ndivyo nilivyofanya mimi, na ndivyo ninavyoona kila wiki katika viwanja vya Pemba na Unguja, kwa walimu wema wanaowapenda vijana wao.

Kuchoka kwa moyo ni jambo la karibu na hilo lakini si lile lile. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, liliitambua hali ya mtu kuchakaa kwa shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa vyema, bila ya kuiita ugonjwa. Katika michezo, Mmarekani Thomas Raedeke alikuwa ameshaieleza tangu mwaka 1997 alipowachunguza waogeleaji vijana: mwili na hisia huishiwa, mchezaji huanza kujiona hafikii lolote, na mwisho huacha kuujali mchezo wenyewe. Alilogundua na ambalo limenikaa zaidi ni kwamba waliokuwa karibu na hali hiyo ni wale waliojihisi wamenaswa, wanaoendelea kwa kuwa hawana namna na si kwa kupenda. Nilipolisoma nilimkumbuka yule kijana. Baba yake alikuwa ameshawaambia watu wa barza kwamba mwanawe ataisaidia nyumba kwa mpira. Mimi nilikuwa nimeshamtajia klabu kubwa za Dar es Salaam. Skuli ilikuwa imemsamehe ada ndogo ndogo kwa ajili ya mguu wake. Angetokea wapi?

Kuna mambo ya hapa kwetu ambayo vitabu vya Ulaya havitatuandikia, na ninyi ndio wenye wajibu wa kuyafikiria.

La kwanza ni mwezi wa Ramadhani. Hakuna anayetaka mchezaji asifunge, na wala mimi siitaki hoja hiyo iingie katika barua hii. Lakini tutazame ratiba. Mechi za usiku huanza baada ya tarawehe, kijana anatoka uwanjani saa 5, anafika nyumbani saa 6, damu bado inachemka na usingizi haumjii, saa 10 anaamshwa kula daku, na saa 1 asubuhi yuko mstarini skuli. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi katika siku. Kwa mechi moja si kitu, lakini tunaijaza Ramadhani kwa bonanza na makombe kwa kuwa watu wapo na usiku ni mzuri, kisha Mfungo Mosi ukiingia tunashangaa mbona timu zimelegea.

La pili ni bahari. Timu ya Pemba inayokwenda kucheza Unguja hupanda meli au boti, wengine wakalala juu ya mizigo, bahari ikichafuka wakatapika, wakashuka bandari ya Malindi, mjini Unguja, na kwenda uwanjani, na Jumatatu wakatakiwa kazini au darasani. Safari ile haiandikwi popote kuwa ni kazi. Kadhalika jua la kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, juu ya nyasi bandia ambazo hushika moto kuliko nyasi za asili: mechi iliyopangwa saa 8 mchana ili uwanja upatikane kwa mechi ya pili ya saa 10 si sawa na mechi hiyo hiyo ikichezwa usiku, japo katika ratiba zote mbili zimeandikwa dakika 90.

La tatu naliandika kwa haya lakini sitaliruka, kwa sababu wasichana wetu wa netiboli, riadha na soka wanaumia kimya kimya. Msichana anayefanya mazoezi makali bila ya kula cha kutosha huweza kukatikiwa na hedhi, mifupa yake ikadhoofu na kuvunjika kwa mikazo midogo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililitolea tamko jambo hili mwaka 2014. Nimewahi kumsikia mwalimu mmoja, mtu mwenye nia njema, akisema kwamba msichana aliyeacha kupata siku zake ndiye aliyekuwa tayari kwa mashindano. Msichana huyo hana wa kumwambia: mwalimu ni mwanamume, daktari wa timu hayupo, na nyumbani ataulizwa maswali mengine kabisa. Kila timu ya wasichana iwe na mwanamke mtu mzima aliyefundishwa jambo hili, anayesafiri nao na kulala nao kambini, na timu isiyokuwa naye isisajiliwe.

Nakuja kwenye lililo zito zaidi, nalo ni mlango. Kijana wa Zanzibar akivunjika mguu anajua pa kwenda. Akivunjika moyo, akakosa usingizi kwa mwezi, akahisi maisha hayana ladha, mlango wa pekee anaoujua jina lake ni Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, na jina hilo mitaani kwetu limegeuzwa kuwa tusi. Hospitali ile inafanya kazi kubwa na wahudumu wake wanastahiki heshima, lakini mchezaji wa miaka 17 hatakwenda huko kwa hiari yake, akijua kwamba kesho jukwaa zima litaimba. Kwa hiyo anaficha. Anamwambia mwalimu kwamba nyonga inamuuma, na mwalimu anampaka dawa ya kuchua.

Kuficha huku si kwa Waswahili peke yao. Golikipa wa timu ya taifa ya Ujerumani, Robert Enke, alijitoa uhai Novemba 2009, na siku iliyofuata mkewe alieleza hadharani kwamba mumewe aliificha sonona yake kwa miaka kwa hofu ya kupoteza mpira na kunyang'anywa mtoto waliyemchukua kumlea. Huyo alikuwa na klabu, madaktari na fedha. Kijana wa Micheweni au wa Makunduchi ana nini? Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilisema mwaka 2019 kwamba afya ya akili ya mwanamichezo haitenganishiki na afya ya mwili wake, na mwaka 2020 ikatoa utaratibu wa uchunguzi ambao hatua yake ya mwanzo ni maswali 10 tu, yanayoweza kuulizwa chini ya mwembe kwa kalamu na karatasi. Muuguzi wa kituo cha afya akifundishwa kwa siku chache anaweza kuyauliza, na akajua ni nani wa kuzungumza naye tu na ni nani wa kupelekwa kwa daktari.

Ninaomba basi kwamba Gombani na Amani pawe na chumba kimoja, siku mbili kwa wiki, chenye mshauri nasaha ambaye mchezaji yeyote anaweza kumwendea bila ya barua ya mwalimu wala ya katibu. Kisiandikwe afya ya akili mlangoni. Kiandikwe afya ya wachezaji, na humo humo apimwe damu, uzito na shinikizo, ili atakayeonekana anaingia asijulikane ameingilia lipi. Na atakayoyasema yasifike kwa anayechagua timu. Siku mchezaji wa kwanza atakapoachwa nje ya kombaini kwa sababu ya maneno aliyoyatoa ndani ya chumba kile, chumba kitakuwa kimekufa, na hakuna semina itakayokifufua.

Najua majibu yatakayokuja, kwani nimeshayapata nilipoyasema haya kwa mdomo. Wapo wazee wa mpira wanaosema kwamba wao walicheza peku, wakatembea kwa miguu kutoka Vitongoji hadi uwanjani, na hawakuchoka. Nawaheshimu, na wengine wamenifundisha mimi. Lakini wao walikuwa na timu moja, na mvua za masika zilipoingia viwanja vya udongo vilijaa maji, mpira ukalala wenyewe kwa miezi miwili mitatu bila ya kikao cha kuamua. Masika yalikuwa ndiyo likizo yao. Sasa tuna nyasi bandia, na taa, mambo ambayo sote tuliyaomba na tunayashukuru, lakini pamoja nayo imetuondoka ile likizo iliyokuwa ikitolewa na mbingu, na hatujaweka nyingine mahali pake.

Wengine wanasema kwamba kijana akipumzishwa ataingia maskani, na maskani kuna unga. Hofu hii ni ya kweli na sitaipuuza, kwa sababu nimezika vijana. Hata hivyo yule winga wangu, ambaye hakupumzishwa hata siku moja, leo anashinda wapi? Anashinda maskani. Hakufikishwa huko na siku ya mapumziko. Alifikishwa na siku ambayo uwanja ulimtoka moyoni, na kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa mpira, hakuwa na kitu cha pili cha kushika. Kijana aliyepewa Ijumaa yake, akakaa na nduguze, akavua, akasoma chuoni, ana mahali pa kuegemea siku mpira utakapomkataa, na mpira humkataa kila mtu siku moja.

Na wapo wanaosema kwamba tatizo letu ni njaa na viatu, mengine ni anasa za wazungu. Njaa ni kweli ipo. Ndiyo maana kijana huenda kucheza ndondo Ijumaa, kwa kuwa pale atapata nauli na sahani ya pilau ambazo klabu yake haimpi, na mimi siwezi kumkataza bila ya kumpa mbadala. Lakini daftari halina gharama, siku moja ya kulala haina gharama, na kukaa pamoja kupanga ratiba kunahitaji chai tu.

Hilo la ratiba ndilo ninalolisisitiza kwenu kuliko yote. Kila mwaka shirikisho linapanga ligi, wizara ya elimu inapanga michezo ya skuli, wilaya zinaita kombaini, Januari inakuja na Kombe la Mapinduzi na pilikapilika zake, na kila kitu kinapangwa katika chumba chake. Mchezaji ni yule yule. Naomba kabla ya msimu ujao muitane nyote katika chumba kimoja, na mada ya mazungumzo iwe jina la mchezaji badala ya jina la mashindano: kijana aliyesajiliwa chini ya miaka 18 awe na siku moja kamili kwa wiki ambayo hakuna timu yoyote, iwe ya skuli, klabu, mtaa au kombaini, inayoruhusiwa kumwita, na siku hiyo iwe moja kwa visiwa vyote ili isikwepeke. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri zaidi ya hapo, kwamba kijana apate pia miezi 2 hadi 3 kwa mwaka mbali na mchezo wake, hata ikigawanywa. Kwa wakubwa, FIFA yenyewe ilitangaza Julai 2025 kwamba pawe na saa 72 angalau kati ya mechi na mechi na siku 21 za mapumziko mwishoni mwa msimu. Sioni kwa nini mtoto wa Wete apewe pungufu ya anachopewa mtu mzima anayelipwa kwa kazi hiyo.

Na kadi ya usajili ambayo kila mchezaji anayo, iongezwe karatasi. Kila aliyemchezesha aandike dakika na uzito, tarehe na sahihi, kama muuguzi anavyoandika katika kadi ya kliniki ya mtoto. Mwalimu atakayemwita kijana na kuona wiki yake imeshajaa amrudishe nyumbani. Itachukua muda, na walimu wengine wataandika uongo, lakini hata uongo ulioandikwa unaweza kuulizwa, na kwa sasa hatuna hata pa kuuliza. Katika kozi za leseni za ualimu ongezeni nusu siku ya jambo hili. Nilipita kozi yangu nikafundishwa namna ya kumpandisha mchezaji, na hakuna aliyenifundisha namna ya kumshusha.

Kuhusu yule kijana, nilimwendea nyumbani mwezi uliopita, kwa ruhusa ya mama yake. Sikumzungumzia mpira. Nilimwomba radhi kwa yale maneno niliyomwambia mbele ya wenzake na kwa zile mbio za alfajiri. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama watoto wa sasa ninawakimbiza vile vile. Nikamwambia sivyo, nikamweleza habari ya daftari. Akaniomba nililete siku moja aione wiki yake ilivyokuwa.

Tangu msimu huu ulipoanza nimekuwa nikiandika hesabu za wachezaji wangu wote, na walimu wawili wa skuli za Chake Chake wamekubali kuniandikia za kwao. Kikao cha ratiba kikiitishwa, kiwe Unguja au Pemba, nitapanda boti kwa nauli yangu nije na daftari hilo.

Wenu mwenye kuwatumikia katika michezo,

Mwalimu wa mpira wa vijana,
Chake Chake, Pemba.